Wakati wa Mwafrika Hauendi Kinyumenyume

Mwezi Februari wa mwaka mmoja, katika ukumbi wa chini ya ardhi mjini Louisville, jimbo la Kentucky, nilihudhuria mafunzo ya siku moja ya watu wanaopokea wakimbizi. Walikuwamo walimu, wauguzi, maofisa wa ustawi wa jamii na wakalimani kadhaa. Mimi nilialikwa kwa kuwa nafundisha Kiswahili na fasihi yake chuoni, na kwa kuwa wengi wa wageni wapya wa mji ule wanatoka Kongo ya Mashariki na Burundi. Baada ya chai mkufunzi akatuonyesha picha ukutani. Upande mmoja palichorwa mshale ulionyooka, ukielekea kulia; huo, tukaambiwa, ndio wakati wa Mmarekani. Upande wa pili palichorwa duara, na ndani yake mshale mwingine ulioelekea nyuma. Chini ya duara yaliandikwa maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Kwa sauti ya upole tukaelezwa kwamba mteja wetu Mwafrika hana wakati ujao akilini mwake, kwamba kwake wakati hutoka sasa ukarudi zamani, na kwa hiyo tusimkasirikie akikosa miadi.

Nilinyamaza. Nyuma yangu mkalimani mmoja alicheka puani, naye akanyamaza. Nimekaa na ule unyamavu miaka kadhaa, na makala haya ni jibu lililochelewa. Atakayesema kwamba hata jibu langu limefuata saa za Kiafrika, namwachia kicheko chake.

Simlaumu mkufunzi kwa kukosa adabu. Alikuwa na adabu hadi ya kuchosha. Namlaumu kwa kusema uongo kuhusu wakati. Na linaloniuma zaidi ni kwamba uongo huo hakuutunga yeye. Aliupata kwetu.

Maneno yale mawili yametoka katika kitabu cha John Mbiti, African Religions and Philosophy, kilichochapishwa mwaka 1969. Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika kwa Kiingereza, lakini alipohitaji istilahi alikopa kwa Kiswahili. Sasa, kwa maelezo yake, ni kipindi cha yanayotendeka, yaliyotendeka karibuni na yaliyo karibu mno kutendeka. Zamani ni ghala kubwa ambamo matukio yote huishia. Alivipanga vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu kwa nyakati zake, akahitimisha kwamba wakati ujao wa Mwafrika wa jadi ni mfupi: miezi sita hivi, na ukivutwa sana hauzidi miaka miwili. Jambo ambalo halijatokea halina makao katika wakati. Basi wakati wa Mwafrika, alisema, huenda nyuma kuliko unavyokwenda mbele.

Tumtendee haki marehemu. Mbiti alikuwa kasisi na mwanateolojia, na tasnifu yake ya Cambridge ya mwaka 1963 ilihusu mafundisho ya Agano Jipya juu ya mambo ya mwisho, yakitazamwa katika mazingira ya Kiafrika. Swali lililomkera lilikuwa la mhubiri: utamhubirije mwisho wa dunia mtu ambaye lugha yake, kama Mbiti alivyoisoma, haina mahali pa kuuweka? Hilo ni swali halali. Kosa lilikuja pale tatizo la mimbari moja lilipogeuzwa kuwa maumbile ya bara zima, na kosa kubwa zaidi limekuja baadaye, pale maumbile hayo yalipotiwa katika vijitabu vya mafunzo na watu ambao hawajapata kukisoma kitabu chenyewe.

Majibu yalitolewa mapema. Kwame Gyekye wa Ghana alipinga kwa ushahidi wa Kiakan, lugha ambayo ina maneno ya wakati ujao wa mbali. Na hapo hapo Louisville, katika chuo kikuu cha mji ule ule, alifundisha kwa miaka mingi mwanafalsafa Mkenya D. A. Masolo, ambaye kitabu chake cha mwaka 1994, African Philosophy in Search of Identity, kinampima Mbiti na wenzake kwa mizani isiyo na huruma. Mkufunzi wetu angeweza kuvuka barabara chache na kuuliza.

Sisi wa pwani hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho. Lugha iliyoazimwa yale maneno mawili ina kesho, ina keshokutwa, ina mtondo baada ya keshokutwa na mtondogoo baada ya mtondo. Kiingereza, chenye mshale ulionyooka, kikishapita kesho hakina tena neno moja la matumizi ya kila siku. Huanza kuhesabu kwa vidole. Kiambishi chetu cha wakati ujao, -ta-, kinatokana na kitenzi taka: anayesema nitakuja amebeba kinywani utashi wa kuja. Mimi ni mtu wa Pangani. Babu yangu alipanda minazi ambayo haikuanza kuzaa hadi miaka saba baadaye, na aliipanda akiwa mzee. Manahodha wa pwani walihesabu siku tangu Nairuzi ili wajue mapema kaskazi itaanza lini na kusi itafunga bahari lini. Mtu asiye na wakati ujao hajengi jahazi.

Lakini ushahidi wa lugha, hata ukiwa mtamu, una udhaifu wake. Ukinipa maneno kumi ya kesho, mwenzangu ataniletea lugha yenye mawili, tutabishana hadi jua litue. Swali la mwelekeo wa wakati lina wenyewe, nao ni wanafizikia. Niliwaendea kwa kuchelewa, nikiwa na miaka arubaini na ushei, baada ya shahada zote, na nilikwenda nikitaraji wanihakikishie kwamba wakati unatiririka kama mto Pangani, kutoka milimani kwenda baharini. Hawakunihakikishia hivyo.

Waliniambia kwanza jambo la kutisha: katika kanuni za msingi za mwendo, mwelekeo wa wakati haumo. Milinganyo ambayo Newton aliichapisha mwaka 1687 hufanya kazi ile ile ukiisoma mbele au nyuma. Piga filamu ya mwezi ukiizunguka dunia, kisha uionyeshe kinyume. Hakuna mtaalamu atakayegundua hila kwa kuangalia kanuni. Ndivyo ilivyo pia kwa sumaku na umeme, na kwa sehemu kubwa sana ya mambo ya chembe ndogo. Mwaka 1964 James Cronin na Val Fitch waligundua katika chembe ziitwazo kaoni upungufu mdogo wa ulinganifu, ambao kwa hesabu za fizikia unamaanisha kwamba hata wakati haulingani kikamilifu pande zote mbili. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobeli. Hata hivyo upungufu huo ni mdogo mno, na hauelezi kwa nini chai yangu inapoa.

Kwa maana chai inapoa, na haijapata kutokea ikachemka yenyewe mezani kwa kunyonya joto la chumba. Hilo ndilo fumbo. Chembe moja moja haijui mbele wala nyuma. Kikombe kizima kinajua. Wahenga wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki, nami nilisoma msemo huo shuleni kama onyo la kimaadili, nisijue kwamba wanasayansi wa Ulaya wa karne ya 19 walihangaika miongo kadhaa kuueleza. Rudolf Clausius ndiye aliyeunda neno entropia, mwaka 1865, kutaja kile ambacho katika mfumo uliofungwa huongezeka au hubaki kilivyo, lakini hakipungui. Ludwig Boltzmann wa Vienna ndiye aliyetueleza kwa nini, na maelezo yake yote yamo katika kuhesabu.

Chukua sarafu 100, uzipange mezani zote kichwa juu. Kuna njia moja tu ya kuzipanga hivyo. Sasa uliza kuna njia ngapi za kuwa na vichwa 50 na migongo 50: jibu linakaribia 1 ikifuatwa na sifuri 29. Tikisa meza. Sarafu hazina nia, hazina kanuni inayoziamuru kuchanganyika. Kinachotokea ni kwamba njia za kuchanganyika ni nyingi kupita kifani na njia ya kupangika ni moja. Kikombe cha chai hakina chembe 100. Idadi ya molekuli zake huandikwa kwa tarakimu zaidi ya 20. Kwa hiyo maji yaliyomwagika hayakatazwi na kanuni yoyote ya chembe kuzoleka na kurudi mtungini. Ila uwezekano wake ni mdogo kiasi kwamba ukingoja umri wote wa ulimwengu hutayaona yakirudi. Wahenga walikuwa sahihi bila kujua walikuwa wanahesabu.

Hapa wengi huridhika. Asiridhike msomaji, kwa kuwa kiini cha hoja kipo mbele kidogo. Mwaka 1876 Josef Loschmidt, mwenzake Boltzmann, aliuliza swali linalomfaa mwanafunzi mkorofi kuliko profesa: ikiwa kanuni za chembe ni sawa mbele na nyuma, kwa nini hesabu yako haifanyi kazi kuelekea nyuma pia? Chai hii ya vuguvugu, kwa hesabu ya njia tupu, ingepaswa kuwa imetokana na hali yenye vurugu zaidi jana, kama itakavyokuwa na vurugu zaidi kesho. Boltzmann alijibu vizuri, lakini hesabu peke yake haikutosha kumjibu Loschmidt. Inayotosha ni hesabu pamoja na habari moja ya kihistoria: kwamba ulimwengu ulianza ukiwa umepangika kwa namna ya ajabu, miaka bilioni 13.8 hivi iliyopita, na tangu hapo umekuwa ukipangua. Kwa nini ulianza hivyo, wataalamu bado wanagombana. Kwamba ulianza hivyo, ndiko kunakoupa mshale wa wakati ncha yake. Jina lenyewe, mshale wa wakati, lilitolewa na Mwingereza Arthur Eddington katika kitabu chake cha mwaka 1928.

Natamani msomaji alione hili kwa ngozi yake, kama nilivyoliona mimi Buffalo, jimbo la New York. Mwezi Desemba 2022 dhoruba ya theluji iliushika mji ule kwa siku kadhaa. Zaidi ya watu 40 walikufa katika wilaya yake, wengine ndani ya magari, wengine ndani ya nyumba zao zilizokatikiwa umeme. Miezi kadhaa baadaye familia moja ya Kikongo ilinisimulia jinsi tanuri lao lilivyozimika usiku. Baba alisema: mwalimu, joto lilitoka nje kama mtu aliyefungua mlango, na halikurudi. Huyo hakuwa amesoma Clausius. Joto hutoka palipo moto kwenda palipo baridi. Lilitoka kwa Mkongo kama lilivyotoka kwa jirani yake Mpolandi aliyezaliwa mtaa ule, kwa kasi ile ile, kwa mwelekeo ule ule. Nikakumbuka duara la Louisville. Kama kweli wakati wa mteja Mwafrika huenda nyuma, ingefaa usiku ule joto lirudi ndani.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo kwa sababu yake nimeandika, nalo linampa Mbiti nusu ya haki yake na kumnyang'anya nusu nyingine.

Kwa nini tunayakumbuka ya jana wala hatuyakumbuki ya kesho? Tumezoea mno hali hiyo hata swali linaonekana la kitoto. Fikiria unyayo ufuoni Pangani asubuhi. Unauona, unasema: mtu amepita. Hakuna unyayo wa atakayepita jioni. Lakini umejuaje kwamba unyayo ule ni wa mpita njia, na si mchanga uliojikunja wenyewe? Kwa sababu unachukulia kwamba kabla yake mchanga ulikuwa umesawazika, maji yalikwisha kuulainisha. Kila alama husomeka kwa kuwa tunaamini palikuwapo hali safi zaidi kabla yake. Na hali hiyo nayo hudai nyingine kabla yake. Na mlolongo huo ukiufuata bila kuchoka unaishia katika ule mwanzo uliopangika. Mwanafalsafa David Albert ameijenga hoja hii kwa utaratibu katika kitabu chake cha mwaka 2000, Time and Chance. Kumbukumbu, kovu, hati ya shamba, shairi lililoandikwa kwa hati za Kiarabu: vyote ni nyayo mchangani, na vyote viko upande mmoja wa wakati kwa sababu ile ile inayopoza chai.

Ng'ambo ya mto mjini Louisville, upande wa Indiana, maji ya mto Ohio yanapopungua hufunuka mwamba mpana uliojaa matumbawe. Nilisimama juu yake nikiwa na viatu vya majira ya baridi, nikaona yale yale ninayoyajua kutoka kuta za nyumba za kale za Pangani na Lamu: vishimo, nyota, masega. Yana umri wa miaka milioni 390 hivi. Mahali pale palikuwa bahari ya joto. Leo bahari iliyo karibu ni safari ya siku nzima kwa gari. Tumbawe lile linanieleza habari za bahari iliyokuwapo. Halinielezi neno hata moja kuhusu bahari itakayokuwapo. Nilikaa pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Basi Mbiti aliposema kwamba kwa Mwafrika Zamani imejaa na kesho ni tupu, aliona jambo la kweli. Zamani imejaa. Ndiko ziliko alama zote. Kesho haina alama hata moja. Alichokosea ni mwenye hali hiyo. Hakuwa ameieleza akili ya Mkamba. Alikuwa ameieleza hali ya kila kiumbe chenye kumbukumbu chini ya kanuni ya pili ya thamodinamiki: Mkamba, Mjerumani, mbwa wa Mjerumani. Mkufunzi wa Louisville naye ana zamani iliyojaa na kesho tupu. Tofauti ni kwamba ana kalenda ya mkononi ya kuificha tupu hiyo. Na lile Sasa, lenye herufi kubwa, wanafizikia hawana mahali pa kuliweka kabisa. Hakuna herufi ya sasa katika mlinganyo wowote. Sasa ni la mwenye kusema, kama mimi na hapa. Walilichukua neno la msemaji, wakalifanya mali ya kabila.

Kufikia hapo nadhani nina wenzangu wengi. Nitawapoteza baadhi yao sasa, kwa kuwa wako ndugu zetu waliolipokea duara kwa mikono miwili.

Columbus, mji mkuu wa Ohio, ni makao ya mojawapo ya jamii kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani, na miongoni mwao wamo Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao bado husema Kizigua. Nilialikwa huko kwenye jioni ya ushairi. Kijana mmoja hodari alisimama akasema kwamba Mzungu ana mshale kwa kuwa ana haraka ya kufa. Sisi tuna duara, sisi hurejea. Akapigiwa makofi mengi. Akaongeza kwamba wazee wetu walimjua Einstein kabla ya Einstein, kwani Kibantu kinachanganya mahali na wakati.

Hilo la pili lina chembe ya ukweli. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alionyesha kwamba ngeli ya mahali katika Kinyarwanda hubeba mahali na wakati pamoja, na Kiswahili chetu kinamuunga mkono: alipofika ni saa aliyofika na ni pale alipofika. Ni jambo zuri, na mimi hulifundisha kwa furaha. Lakini kati ya kiambishi -po- na milinganyo ya mwaka 1905 ipo kazi, na kazi hiyo haifanywi na sarufi. Tukijitwalia sifa ya Einstein kwa sababu ya kiambishi, tumempa mkufunzi wa Louisville ruhusa ya kutunyima kesho kwa sababu ya vitenzi. Mantiki ni ile ile.

Ama duara, ni kweli mambo hurudi. Kaskazi na kusi hurudi, mwezi huandama, mihogo huvunwa ikapandwa. Lakini kila mzunguko hulipiwa. Saa ya ukutani huzunguka kwa kuwa betri inaisha. Jahazi linaloingia bandarini kwa kaskazi ya mwaka huu mbao zake zimechoka kuliko mwaka jana. Dunia yenyewe hupokea mwanga wa jua na kuurudisha angani kama joto. Kwa kila fotoni moja inayopokea huachia kama 20 zilizo dhaifu zaidi. Nishati ni karibu ile ile, vurugu ni mara nyingi zaidi. Kwa tofauti hiyo hukua majani, na ng'ombe, na washairi wa Columbus. Ukiyatoa mapinduzi hayo ya upande mmoja, hakuna msimu utakaorejea.

Na wa kwanza kulijua hili ni watu wa kijana yule mwenyewe. Mababu zao walitolewa Uzigua, nyuma ya Pangani yetu, katika karne ya 19, wakati wa njaa na utumwa, wakapelekwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia. Wengi wakafika bonde la mto Juba na kubaki huko na lugha yao kwa vizazi. Vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza, baadhi walifuata hadithi za wazee wakarudi Tanga. Serikali ikawapokea, wakakaa Chogo wilayani Handeni, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Wengine kutoka kambi za Kenya wakaletwa Marekani, na ndio hawa wa Columbus, na wa Louisville, na wa Buffalo. Nimepata kuzungumza na mzee aliyefika Chogo. Alisema waliwaelewa wenyeji, na wenyeji waliwaelewa, ila maneno yao yalikuwa ya bibi za bibi zao, na watoto wa pale waliwacheka. Walirudi mahali. Hawakurudi wakati. Anayewaambia watu hawa kwamba wakati ni duara anaifuta safari yao, utumwa wao na ustahimilivu wao, kwa ajili ya makofi ya jioni moja. Nilimwambia kijana hivyo, faraghani, kwa maneno laini kuliko haya. Hakukubali. Alinisindikiza hadi garini.

Kinachotofautiana kati yetu na Wamarekani basi ni nini? Kipo, nacho ni kidogo na cha hatari: pale hesabu inapoanzia. Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, wao huanza usiku wa manane. Kila mmoja amechagua sifuri yake. Hakuna aliyechagua mwelekeo. Na sifuri yao nayo ni ya kutungwa. Reli za Marekani ndizo zilizogawa nchi katika kanda za saa, tarehe 18 Novemba 1883, na leo Louisville, Columbus na Buffalo zinasoma saa moja, ingawa jua humfikia utosini mtu wa Louisville dakika 27 hivi baada ya mtu wa Buffalo. Mwezi Juni jua la Louisville hutua, kwa hesabu yetu, saa tatu usiku na dakika kumi. Mswahili akilieleza jambo hilo nyumbani huambiwa amerogwa.

Mwanamke mmoja wa Buffalo, aliyekulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, alipangiwa miadi katika ofisi moja saa tatu asubuhi. Barua ilisema tisa, kama Waingereza wasemavyo. Mkalimani wa simu akamtafsiria saa tisa. Akafika saa tisa alasiri, amevaa vizuri, na watoto wawili. Zamu yake ilikuwa imefutwa, na nyingine ilimgharimu miezi. Katika jalada lake paliandikwa sababu. Nililiona kwa macho yangu, kwa kuwa nilimsaidia kuandika malalamiko: mtazamo wa kitamaduni kuhusu wakati. Kosa la tarakimu moja, la mkalimani asiyejua kwamba saa za Kiswahili zinatofautiana na za Kiingereza kwa sita, likapewa baba na mama na falsafa. Na katika jalada hilo hilo tarehe yake ya kuzaliwa ni Januari mosi, kama ya mumewe na ya jirani zake nusu, kwa kuwa ofisi nazo hubuni sifuri zikikosa habari.

Alipotia saini malalamiko yale akaniletea daftari la shule la mwanawe. Kwenye jalada la nyuma ameandika miaka mitano kwa safu, ule waliofika ukiwa juu, na miwili ya kwanza ameikata kwa mstari. Mkimbizi huruhusiwa kuomba uraia miaka mitano baada ya kupokelewa. Kando ya mwaka wa mwisho ameandika, kwa kalamu nyekundu, saa tatu asubuhi, na mbele yake, katika mabano, tisa yao.